Padre Cecil Majaliwa wa Kiungani

Wengi wetu hapa Mkula tumesikia habari za shule ya Minaki. Mizizi yake iko Kiungani, Unguja, ambako wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa utumwani. Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao. Misheni ya UMCA ilimsomesha hapo, kisha ikampeleka Canterbury, Uingereza, kuongeza masomo.

Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, karibu na Newala. Mtoto aliyeporwa na wafanya biashara ya watumwa akarudi kwa Wayao wenzake na Injili mkononi! Hata mkuu wa mahali pale, Nakaam, alibatizwa, akaitwa Barnaba. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa Majaliwa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo.

Aliutunza mtaa ule miaka 11, akarudi Unguja mwaka 1897. Uaskofu hakupewa. Kwa maoni yangu Kanisa lilikawia mno, maana Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955.