Fleming: Mtoto wa mkulima aliyeitilia shaka dawa yake mwenyewe

Mchuma chai wa Sigowet, Kericho, akiugua jipu lisilosikia dawa, usaha wake hufaa kupelekwa maabara. Huko bakteria huoteshwa kwenye kisahani cha lishe, kisha vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti hupangwa juu yake. Siku ifuatayo, mtaalamu hupima kwa milimita eneo ambalo bakteria wameshindwa kuota. Kipimo hiki kina mizizi katika kazi ya Alexander Fleming, ambaye wengi humkumbuka kwa penisilini pekee.

Fleming alizaliwa Agosti 6, 1881, katika shamba la Lochfield, Uskoti. Babake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Alihamia London, akawa karani wa kampuni ya meli, hadi urithi wa ami yake ulipomwezesha kuanza masomo ya udaktari katika hospitali ya St Mary's mwaka wa 1901.

Vita Kuu ya Kwanza vilimfikisha Boulogne, Ufaransa. Aliona askari walionusurika risasi wakiuawa na vidonda vilivyooza, huku dawa kali za kuoshea zikidhuru chembe za kinga kuliko bakteria.

Septemba 1928, akitoka likizoni, alikuta ukungu umevamia kisahani cha stafilokokasi na bakteria waliokuwa karibu wameyeyuka. Kisa hicho kimesimuliwa mno. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alichimba mfereji kwenye lishe, akaujaza penisilini, akachora mistari ya bakteria mbalimbali kuuelekea. Walioidhurika nayo walikomea mbali; wasiojali waliota hadi ukingoni. Alichapisha matokeo mwaka wa 1929.

Kuisafisha penisilini hadi iwe tiba kulimshinda. Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford ndio waliofaulu, na watatu hao wakatuzwa Nobel mwaka wa 1945. Katika hotuba yake Stockholm, dunia ikishangilia, Fleming alitahadharisha kuwa dozi pungufu huwapa vijidudu usugu. Hakuwa akibahatisha: mwaka wa 1940 Chain na Edward Abraham walikuwa wameripoti kimeng'enya cha bakteria kinachoiharibu penisilini.

Fleming alifariki London, Machi 11, 1955. Mwaka wa 1961, Patricia Jevons aliripoti stafilokokasi sugu kwa methisilini, dawa iliyotengenezwa mahsusi kuwakabili walioishinda penisilini. Maabara nyingi sasa huwatambua kwa kipande cha karatasi chenye sefoksitini.