Mzee Fabre na buu wa udongoni

Mkulima anapochimba udongo wenye majani yaliyooza, mara nyingi jembe lake hutoa buu mweupe, mnene, aliyejikunja kama pete. Kuku humkimbilia. Watoto humgeuza kwa kijiti na kumcheka. Buu huyu ni mtoto wa mbawakawa. Hana mabawa, hana macho, hawezi kukimbia. Watu wengi hudhani kwamba hana njia yoyote ya kujilinda. Lakini mtu mmoja wa Ufaransa hakutaka kudhani tu. Alitaka kuona kwa macho yake, akangoja miaka 23 mpaka akaona. Jina lake lilikuwa Jean-Henri Fabre.

Fabre alizaliwa mwezi wa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa mtoto mdogo, alitumwa kuchunga bata wachanga kwenye kidimbwi. Bata walipokuwa wakiogelea, yeye aliokota mawe yenye kung'aa, akamkamata na mbawakawa mzuri wa rangi ya buluu. Akarudi nyumbani amejaa furaha, na mifuko yake imejaa pia. Lakini wazazi wake walimkaripia, wakamwamuru kutupa vitu vile vyote. Mtoto alitii kwa huzuni. Hata hivyo, kupenda wadudu hakukutoka moyoni mwake.

Baadaye umaskini ulizidi, naye akalazimika kujitafutia chakula. Aliuza malimau sokoni, akafanya kazi ya kibarua kwenye njia ya reli. Lakini hakuacha kusoma. Alishinda mtihani, akaingia bure katika shule ya walimu ya mji wa Avignon. Mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 18, alianza kufundisha huko Carpentras. Alifundisha pia katika kisiwa cha Korsika, kisha tangu 1853 katika mji wa Avignon. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na watoto wake walikuwa wengi. Siku za mapumziko, wenzake walipokaa kivulini, yeye alikwenda porini kutazama wadudu.

Huko aliwaona nyigu wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, wanaoitwa skolia. Nyigu hawa hawaishi pamoja katika kiota kimoja. Kila jike huchimba ardhini peke yake, akipita chini ya udongo kama fuko. Fabre alijiuliza anatafuta nini huko gizani. Mwezi wa Agosti 1857 alichukua koleo, akaenda katika msitu wa Issarts karibu na Avignon. Alichimba mchangani saa nyingi, jua likimchoma. Aliona dalili kwamba watoto wa skolia hula mabuu ya mbawakawa. Lakini vita vyenyewe hakuviona, kwa kuwa vilifanyika chini ya ardhi. Akarudi nyumbani amechoka, akaandika aliyoyaona, akangoja.

Miaka ilipita, tena miaka ya taabu. Huko Avignon Fabre alikubali kuwafundisha wasichana elimu ya mimea na ya viumbe. Wakati ule watu wengi hawakupenda wasichana wafundishwe mambo hayo. Wakamsema vibaya, na wenye nyumba aliyopanga wakamwambia ahame. Ikambidi kukopa fedha kwa rafiki ili aweze kuondoka na jamaa yake. Tangu hapo aliishi kwa kuandika vitabu vya shule. Mwaka 1877 mwanawe Jules, aliyependa wadudu kama yeye, alikufa angali kijana. Fabre alilia sana, lakini hakuiacha kazi yao.

Mwaka 1879 alipata shamba dogo katika kijiji cha Sérignan. Lilikuwa shamba la mawe na miiba, lisilofaa kwa kilimo. Watu wa huko huita shamba la namna hiyo harmas. Kwa Fabre lilikuwa hazina, kwa sababu wadudu walilipenda. Mwaka 1880, mzee aliyemsaidia kazi za bustani alikuwa akihamisha lundo la majani yaliyooza. Mara akamwita bwana wake. Ndani ya lundo mlikuwa na skolia, pamoja na mabuu wanene wa mbawakawa. Jambo alilolitafuta mbali, Fabre alilipata uani kwake.

Basi aliwaweka buu na skolia pamoja chini ya chombo cha kioo, akakaa kutazama. Kwanza buu alijaribu kwenda zake. Buu wa namna hii hatembei kwa miguu. Hulala chali na kujisukuma kwa mgongo, akisaidiwa na nywele ngumu zilizo juu yake. Skolia alimrukia, akamshika kwa taya zake, akapinda tumbo lake ili amchome mwiba. Papo hapo buu alijikunja kwa nguvu zote, kichwa kikakutana na mkia. Nyigu akazunguka huku na huku, akatafuta nafasi, asiipate. Mara alitupwa upande, mara alirudi tena. Pengine alichoka kabisa, akamwacha.

Kwa nini nyigu hakuchoma mahali popote? Fabre alimpasua buu mmoja, akamtazama kwa kioo cha kukuzia. Akaona kwamba mafundo ya mishipa ya fahamu ya buu huyu yamekusanyika karibu pamoja. Mwiba ukiingia kifuani upande wa chini, mahali palipo karibu na mafundo hayo, buu hupooza mara moja. Na buu akijikunja, ndipo mahali hapo panapofichwa. Hakuna aliyemfundisha, ndivyo alivyozaliwa.

Lakini buu akilegea kidogo tu, skolia huupata mwanya. Mwiba huingia, na buu hunyooka, hawezi kujisogeza tena. Hafi. Nyigu hutaga yai moja juu ya tumbo lake. Mtoto wa nyigu akitoka katika yai, hula mahali pamoja kwa taratibu, akiacha sehemu za uzima mpaka mwisho, ili chakula chake kisioze. Fabre alijaribu kumwondoa mtoto huyo na kumlisha mahali pengine katika mwili wa buu. Buu akaoza, na mtoto wa nyigu akafa.

Wataalamu wa baadaye waliona kwamba nyigu hawalengi sawasawa kila mara kama Fabre alivyofikiri. Lakini njia yake ya kutazama wameifuata. Tena habari za skolia ziliwafaa wakulima. Katika kisiwa cha Mauritius, mabuu ya mbawakawa wenye pembe yalikuwa yakiharibu miwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, skolia waliletwa huko kutoka Madagaska wawawinde mabuu hao, na hasara ikapungua.

Fabre aliandika habari za wadudu katika vitabu 10, kuanzia 1879 hadi 1907. Wataalamu wa nchi nyingi walimheshimu, hata Darwin wa Uingereza, ingawa hawakupatana katika mawazo yao yote. Mwaka 1913 rais wa Ufaransa alikwenda kumsalimu nyumbani kwake. Mzee yule aliyeuza malimau alikuwa sasa na umri wa miaka 89. Alikufa tarehe 11 Oktoba 1915, katika Sérignan. Nyumba yake na shamba lake la miiba vimetunzwa, na watu hutoka mbali kwenda kuviona.

Buu mweupe ni kitu kidogo, na wengi humpita bila kumtazama. Fabre aliinama, akatazama, akangoja. Mvumilivu hula mbivu.