DJ Mehdi: kijana aliyevuka mpaka kati ya rapu na hausi

Mehdi Favéris-Essadi alizaliwa tarehe 20 Januari 1977, katika vitongoji vya kaskazini-magharibi ya Paris, kwenye familia yenye asili ya Tunisia. Alifariki tarehe 13 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 34. Katika maisha hayo mafupi alifanya jambo ambalo wenzake wengi waliliona haliwezekani: aliwatengenezea midundo waimbaji wakali wa rapu ya Ufaransa, kisha akahamia kwenye muziki wa hausi bila kuikana rapu. Sisi tunaosoma lugha tuna sababu ya kumkumbuka, kwa maana kazi yake yote ilikuwa kazi ya kuchanganya sauti za watu ambao hawakuzoea kusikilizana.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Hausi ilizaliwa Chicago, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kumbi za dansi za vijana weusi. Pigo lake ni la moja kwa moja, mara nne kwa kila kipimo, na halikati mpaka asubuhi. Ilipofika Ufaransa, ilipata wapenzi wake hasa kwenye vilabu vya usiku vya katikati ya miji. Rapu nayo ilikuwa sauti ya vitongoji, kwenye majengo marefu ya watoto wa wahamiaji kutoka Maghreb, Afrika Magharibi na Antili. Vijana hao mara nyingi walirudishwa mlangoni mwa vilabu vilevile. Kwa hiyo kuchagua muziki kulikuwa pia kuchagua upande. Mtu wa rapu aliyecheza hausi alionekana msaliti, na mtu wa hausi aliyependa rapu alionekana anajishusha.

Mehdi alianza kutengeneza midundo akiwa bado mtoto wa shule. Ufundi wake ulikuwa ule wa kuchukua santuri ya zamani, kukata kipande kidogo cha sekunde chache, kukirudia-rudia, na kukipandia ngoma mpya. Alipokuwa kijana mdogo alijiunga na kikundi cha Ideal J, cha mwimbaji Kery James, kutoka upande wa pili kabisa wa Paris, kusini. Kikundi kilitoa albamu ya kwanza mwaka wa 1996, na mwaka wa 1998 kikatoa Le combat continue, ambayo mpaka leo inahesabiwa kati ya albamu nzito za rapu ya Kifaransa.

Ideal J ilikuwa tawi la umoja mkubwa zaidi ulioitwa Mafia K'1 Fry. Jina hili ni somo zima la isimu. Vijana wa Ufaransa wana lugha ya mtaani iitwayo verlan, ambamo silabi za neno hugeuzwa. Neno la Kifaransa la Mwafrika, africain, likigeuzwa linakuwa cainfri, nalo likaandikwa K'1 Fry. Msemaji wa Kiswahili hashangai: watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mwanzoni, na nyumba ikawa mbanyu. Kwetu Kongo, Kindubile cha vijana wa Lubumbashi kilifanya kazi hiyohiyo ya kujitenga na wakubwa na kutambuana wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka wa 1999 Mehdi alitengeneza sehemu kubwa ya albamu ya kikundi cha 113, Les Princes de la ville. Waimbaji watatu wa 113 walitoka Vitry-sur-Seine, na asili zao zilikuwa Algeria, Mali na Guadeloupe. Wimbo uliovuma zaidi, Tonton du bled, unasimulia safari ya familia inayorudi Algeria kwa likizo, gari limejaa mizigo hadi juu. Chini ya maneno hayo Mehdi aliweka kipande cha wimbo wa Ahmed Wahby, mwimbaji mkubwa wa Oran. Hapo ndipo palipokuwa na ujasiri. Muziki uliosikika sebuleni kwa wazazi, ambao watoto wengi waliuficha mbele ya wenzao wa shule, ulitoka sasa kwenye redio za taifa zima. Mwaka wa 2000 kikundi hicho kilipewa tuzo 2 katika sherehe ya Victoires de la musique.

Angeweza kubaki hapo na kurudia mtindo uleule. Lakini tayari alikuwa rafiki wa watu wa hausi ya Kifaransa. Kati yao alikuwemo Pedro Winter, aliyesimamia shughuli za Daft Punk, kikundi kilichoifikisha hausi ya Ufaransa duniani kote kwa albamu ya Homework mwaka wa 1997. Mwaka wa 2002 Mehdi alitoa albamu yake mwenyewe, The Story of Espion. Baadaye aliingia katika kampuni ya Ed Banger, ambayo Winter aliianzisha mwaka wa 2003, na mwaka wa 2006 akatoa Lucky Boy. Wimbo mmoja wa albamu hiyo, Signatune, ulirefushwa na Thomas Bangalter wa Daft Punk, ukawa wimbo wa vilabu vya usiku katika nchi nyingi.

Ukiusikiliza Signatune kwa makini, utagundua kwamba mbinu haijabadilika. Ni kipande kifupi kilichokatwa na kurudiwa, kama kwenye rapu. Kilichobadilika ni pigo na mahali pa kuchezea. Kwa maneno ya darasani: msamiati ulikuwa wa rapu, sarufi ikawa ya hausi. Ndiyo sababu hakuona kwamba amehama nyumba.

Miaka yake ya mwisho alisafiri sana kama DJ, akaunda pia kikundi cha watu wawili, Carte Blanche, pamoja na Mwingereza Riton. Walikuwa wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya Riton nyumbani kwa Mehdi, Paris, wakati sehemu ya paa ilipovunjika. Mehdi akafa, na wengine wakajeruhiwa. Waliomlilia walitoka pande zote mbili: waimbaji wa Vitry na Orly, na ma-DJ wa vilabu vya Paris.

Mwaka wa 2024 televisheni ya Arte ilionyesha filamu ya vipindi 6 juu ya maisha yake, na vijana waliokuwa watoto wachanga wakati wa Tonton du bled wakaanza kumsikiliza upya. Leo hakuna anayeshangaa Ufaransa mwimbaji wa rapu akiimba juu ya pigo la hausi. Sisi tunaoamka na Kiswahili, tunaosoma kwa Kifaransa na kucheza kwa Lingala, mara kwa mara tunaambiwa kwamba tunaharibu lugha. Kazi ya Mehdi inaonyesha kwamba anayechanganya huku akikijua vizuri kila anachokichanganya haharibu kitu. Anawafungulia mlango wanaokuja nyuma yake.