Abdallah bin Abbas: Kijana aliyekaa na swali mwaka mzima



Katika vyuo vyetu vya Kurani, kuanzia Ujiji hadi Ipole, pale barabara itokayo Tabora inapogawanyika, moja ikaelekea Mpanda na nyingine Mbeya, watoto husoma kwa ghibu na kwa sauti ya juu. Lakini mwalimu akiuliza ni nani hakufahamu, darasa zima hunyamaza. Wazazi wengi huuita ukimya huo adabu. Kumbe mtoto aliyeona haya kuuliza namna ya kutawadha huenda akaja kuwafundisha wanawe kosa lile lile.

Abdallah bin Abbas (R.A.) alizaliwa Makka miaka 3 kabla ya Hijra. Baba yake ni ami yake Mtume (S.A.W.), na Bibi Maimuna, mke wa Mtume, ni ndugu wa mama yake. Usiku mmoja alilala nyumbani humo, akaamka kuswali pamoja na Mtume. Alisimama upande wa kushoto, naye Mtume akamshika akamhamishia kulia, swala ikaendelea. Siku nyingine alimwekea maji ya kutawadhia bila kuagizwa, akaombewa dua ajaaliwe ufahamu wa dini.

Mtume alipofariki mwaka 632, Abdallah alikuwa bado kijana mdogo. Alimwendea rafiki yake wa Kiansari, akamshauri watoke wakawaulize Maswahaba wakubwa kabla hawajaondoka duniani. Rafiki alimshangaa, akaona hapana atakayemhitaji yeye ilhali wakubwa hao wapo. Abdallah akaenda peke yake. Akimkuta mwenye elimu amelala adhuhuri, hakubisha hodi. Alitandika shuka yake mlangoni akangoja, upepo ukimjaza vumbi usoni.

Msomaji asidhani kwamba kijana huyo hakujua woga. Kulikuwa na aya katika Suratu Tahrim inayowataja wanawake wawili bila majina, naye alitaka kujua ni akina nani. Aliyeweza kumjibu ni Sayyidna Umar (R.A.), mtu mwenye haiba kubwa. Mwaka mzima ulipita Abdallah akiwa na swali lake kifuani. Hatimaye walikwenda Hija pamoja, na njiani wakati wa kurejea akapata faragha, akauliza. Umar alimjibu kwamba ni Bibi Hafsa na Bibi Aisha. Abdallah alipomweleza jinsi alivyomwogopa kwa muda wote huo, Umar alimkataza kufanya hivyo tena: kila anapodhani kuwa Umar analijua jambo, na amuulize. Fikiri, ndugu msomaji, Hafsa ni binti yake mwenyewe Umar!

Umar akawa anamketisha katika baraza lake pamoja na wazee waliopigana Badri. Baadhi yao walinung'unika, kwani nao walikuwa na watoto wa umri ule. Siku moja Umar aliwauliza juu ya aya ya Suratul Baqara yenye mfano wa mtu ambaye bustani yake inateketea uzeeni. Wakajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Umar alikasirika, akawataka waseme wanajua au hawajui. Abdallah akasema polepole kwamba ana jambo moyoni. Umar alimwita mwana wa ndugu yake, akamwambia aseme wala asijidharau. Jawabu la kijana lilikuwa nusu tu: kwamba huo ni mfano wa amali. Umar hakumcheka. Aliuliza ni amali gani, kisha akaikamilisha maana yeye mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo penye somo kubwa la ualimu, kwa kuwa fimbo zetu huwangoja hasa wenye majawabu ya nusu.

Baadaye Abdallah alikuwa gavana wa Basra, kisha akafundisha Makka. Macho yake yalipofuka uzeeni, na alifariki Taif mwaka 68 Hijria (687). Ikrima, aliyekuwa mtumwa wake, alitoka mikononi mwake akiwa mwanachuoni. Mwanafunzi mwingine, Mujahid bin Jabr, alimsomea Kurani mara 3 tangu mwanzo hadi mwisho, akisimama kwenye kila aya kumuuliza maana yake. Majawabu mengi aliyoyapata Mujahid yanasomwa hadi leo katika tafsiri ya Imam Tabari.