Maisha ya Carl Auer, Mtu wa Karabai

Safari hii nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake wengi wameiona kwa macho, lakini jina lake ni wachache wanaolijua. Waulizeni babu na bibi zenu hapa Ifakara, au kule Mang'ula na Mlimba, watawaeleza habari za usiku wa zamani, kabla umeme haujafika. Koroboi ilitoa moshi mwingi na mwanga haba. Fanusi ilikuwa afadhali kidogo. Lakini palipokuwa na arusi au ngoma, ililetwa karabai, ikatiwa mafuta ya taa, ikapigwa pampu, na mara uwanja mzima ukawa mweupe, hata watoto wakasahau kulala.

Ndani ya karabai hufungwa kifuko kidogo cha kitambaa. Kinapowashwa mara ya kwanza, kitambaa chenyewe huungua chote, na kinachobaki ni jivu jeupe lenye umbo la kile kifuko. Ukiligusa kwa kidole linavunjika. Lakini jivu hilo hilo dhaifu ndilo linalong'aa na kuangaza watu mia. Aliyekibuni kifuko hicho ni Carl Auer von Welsbach, bingwa wa elimu ya kemia.

Carl Auer alizaliwa mjini Vienna, katika nchi ya Austria, tarehe 1 Septemba 1858. Baba yake, Alois Auer, alikuwa mkuu wa kiwanda cha serikali cha kupiga chapa, naye alipenda sana kubuni mambo mapya. Mwaka 1860 alipewa na mfalme heshima ya uungwana, ndipo ukoo wake ukaongezewa jina la von Welsbach. Alifariki mwaka 1869, Carl akiwa bado mtoto wa miaka 10.

Kijana huyo alipomaliza shule alitumikia jeshi kwa muda, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Vienna. Mwaka 1880 alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma kwa Profesa Robert Bunsen. Jina hili si geni kwenu ninyi mnaoingia maabara, maana kichomeo cha gesi tunachokitumia kila juma huitwa kwa jina lake. Bunsen na mwenzake Kirchhoff walikuwa wamegundua kwamba kila elementi ikitiwa motoni hutoa rangi zake peke yake, kama vile kila mtu alivyo na sauti yake. Auer alijifunza kazi hiyo vizuri, akapata shahada ya udaktari mwaka 1882. Aliporudi Vienna alifanya kazi katika maabara ya Profesa Lieben bila ya mshahara.

Kazi aliyojichagulia ilikuwa ngumu. Alitaka kuchunguza zile zinazoitwa elementi adimu. Huitwa adimu, lakini nyingine kati yake si haba katika ardhi. Taabu yake ni kwamba hukaa pamoja zimechanganyika, na tabia zake zinafanana mno, hata kuzitenga ni kazi kubwa. Wakati huo wataalamu walijua kitu kimoja walichokiita didimiamu, nao wengi walidhani kuwa ni elementi moja. Auer hakuridhika. Aliyeyusha chumvi yake katika maji, akaiacha igande kuwa fuwele, akatoa fuwele, akaziyeyusha tena, akaziacha zigande tena. Alirudia hivyo mara nyingi sana, siku baada ya siku. Mwisho, mwaka 1885, alikuwa na chumvi mbili mbele yake, moja ya kijani na nyingine ya rangi ya waridi. Didimiamu haikuwa moja, ilikuwa pacha. Auer akaziita praseodimiamu na neodimiamu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 26 tu.

Katika kuzichunguza elementi hizo aliziweka katika mwali wa kichomeo cha Bunsen, naye akaona ya kuwa oksaidi zake hung'aa sana. Akafikiri kuzieneza ili zing'ae zaidi. Alichukua kitambaa cha pamba, akakichovya katika maji ya chumvi hizo, akakikausha, akakichoma. Pamba iliungua, oksaidi ikabaki imesimama kama wavu. Hapo ndipo ulipoanza ule mwanga wa karabai.

Msidhani kuwa mambo yalikwenda vizuri tangu siku hiyo. Kifuko cha kwanza alikitengeneza kwa oksaidi za magnesiamu, lanthanamu na yitriamu. Kilikuwa kikivunjika upesi, tena mwanga wake ulikuwa na rangi ya kijani, na watu hawakuupenda. Nani apendaye kuketi mezani na kuwaona wanawe wana nyuso za kijani kama wagonjwa? Kiwanda alichokianzisha mwaka 1887 katika mtaa wa Atzgersdorf, karibu na Vienna, kilifungwa mwaka 1889. Hapana shaka wako waliodhani kuwa habari zake zimekwisha.

Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Auer alirudi maabara. Alijaribu elementi iitwayo thoriamu, na kwanza mwanga ulikuwa mzuri. Basi akafikiri kuwa akiisafisha thoriamu zaidi, mwanga utazidi. Kumbe kadiri alivyoisafisha ndivyo mwanga ulivyofifia! Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alijiuliza, ni uchafu gani huu unaoleta nuru? Akautafuta, akaukuta ni seriamu kidogo sana iliyokuwa imejificha ndani. Baada ya majaribio mengi alipata kipimo chake: sehemu 99 za thoriamu kwa sehemu 1 ya seriamu. Ukipunguza, mwanga hufifia. Ukizidisha, hufifia vile vile. Mwaka 1891 alipata hati ya uvumbuzi huo, na tarehe 4 Novemba mwaka huo taa zake ziliwashwa mbele ya mkahawa mmoja mjini Vienna. Mwanga ulikuwa mweupe. Taa za gesi, zilizokuwa karibu kushindwa na taa za umeme za Edison, zikapata nguvu mpya, na baadaye vifuko hivyo vikaingia katika taa za mafuta za pampu, vikafika hata kwetu.

Auer sasa alikuwa tajiri, lakini hakuketi. Aligeuka akaanza kushindana na taa yake mwenyewe, akatengeneza balbu ya umeme yenye waya wa osimiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1902. Osimiamu ni ghali, kwa hiyo baadaye ilishindwa na wolframu, lakini jina la taa za Osram mpaka leo limeunganisha majina ya metali hizo mbili. Kisha akatazama mabaki yaliyotupwa kiwandani baada ya thoriamu kutolewa mchangani. Mengi yake yalikuwa seriamu. Mwaka 1903 aliichanganya na chuma, akapata kitu kinachotoa cheche kikikwaruzwa. Kile kijiwe kilicho ndani ya kiberiti cha gesi, kinachouzwa katika kila duka hapa Ifakara, ni kazi yake. Alifariki tarehe 4 Agosti 1929, katika nyumba yake kubwa huko Carinthia, akiwa na umri wa miaka 70.

Pengine msomaji ataniuliza, habari za karabai zatufaa nini leo, nasi tuna taa za LED? Zatufaa sana. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 60, lakini ndani yake mna jambo la Auer. Kipande kidogo kinachowaka ndani yake hutoa mwanga wa buluu. Wajapani Akasaki na Amano, pamoja na Nakamura aliyezaliwa Japani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuupata mwanga huo. Juu ya kipande hicho hupakwa unga uitwao fosfa, wenye seriamu kidogo sana, unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano. Buluu na njano zikichanganyika, jicho huona nyeupe. Ni seriamu ile ile, na tena kwa kipimo kidogo!

Lakini taa ya namna hii ina upungufu, kama kile kifuko cha kwanza cha Auer. Haina nyekundu ya kutosha. Nyanya sokoni huonekana zimepauka, na khanga nyekundu hupoteza uzuri wake. Hayo ni madogo. Muuguzi anapofunua ukope wa mtoto usiku ili aone kama damu imepungua, anaitafuta rangi nyekundu, na taa isiyo na nyekundu haiwezi kumwonyesha vizuri. Kwa hiyo wataalamu wameongeza fosfa nyekundu. Moja ina europiamu, elementi adimu iliyogunduliwa na Mfaransa Demarçay mwaka 1901, Auer akiwa hai. Huwekwa katika mchanganyiko wa kalsiamu, alumini, silikoni na nitrojeni. Nyingine ina manganizi katika mchanganyiko wa potasiamu, silikoni na florini. Wazazi wanaponunua taa wasome boksi lake. Kipimo cha uaminifu wa rangi huandikwa CRI au Ra. Kikiwa 90 ni bora kuliko 80. Tena taa ya 6500K ina buluu nyingi, na ya 3000K ina wekundu zaidi.

Nasi hatuko mbali na mambo haya. Maji ya mto wetu Kilombero yakikutana na Luwegu hufanya mto Rufiji, na huko chini huzungusha mitambo ya umeme ya Julius Nyerere. Elementi adimu nazo zimo katika ardhi yetu. Katika mkoa wetu wa Morogoro ziko katika kilima cha Wigu, karibu na Kisaki. Katika mkoa wa Songwe mlima Ngualla una neodimiamu na praseodimiamu, wale pacha wa Auer, na mwaka 2023 Serikali ilitoa leseni kubwa ya kuyachimba madini yake. Kuchimba udongo ni kazi moja. Kuwatenga pacha ni kazi nyingine, nayo yataka watu waliosoma kemia.

Basi, wanafunzi wenzangu, jaribio lenu likiharibika maabara, msimwage kilichomo na kunakili majibu ya jirani. Kwanza jiulizeni kwa nini limeharibika. Auer aliona mwanga unafifia, akauliza sababu, na kwa swali hilo usiku wa watu wengi ukapata nuru.