Wachsmann: Mhifadhi aliyezipa marimba za Kabaka maisha marefu

MNAMO Mei 24, 1966, wanajeshi wa serikali ya Milton Obote, wakiongozwa na Idi Amin, walilivamia kasri la Kabaka wa Buganda katika kilima cha Mengo, Kampala. Kabaka Mutesa wa Pili alifanikiwa kutoroka, akaenda kuishi uhamishoni London, na huko ndiko alikofariki mwaka 1969. Kasri lilipowaka moto, ala nyingi za muziki wa kifalme ziliteketea au kutoweka. Wapigaji wake, ambao baadhi yao walirithi kazi hiyo kwa baba na babu zao, walitawanyika. Mwaka uliofuata, falme zote za Uganda zilipigwa marufuku.

Kwa jinsi mambo yalivyokuwa, muziki huo ungeweza kabisa kusahaulika. Kwamba haukusahaulika ni matunda ya juhudi za watu kadhaa, na mmoja wao alikuwa Mjerumani aliyeondoka Uganda miaka tisa kabla ya shambulio hilo. Jina lake ni Klaus Wachsmann, msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kati ya mwaka 1948 na 1957.

Marehemu Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907. Alijiunga na chuo kikuu cha jiji hilo kusomea muziki, na miongoni mwa walimu wake walikuwamo Erich von Hornbostel na Curt Sachs. Wawili hao ndio waliobuni, mwaka 1914, mfumo wa kuzigawa ala zote za dunia katika makundi kulingana na kile kinachotoa sauti: uzi, ngozi, pumzi au mwili wa ala yenyewe. Mfumo huo ungali unatumika katika majumba ya makumbusho hadi leo.

Utawala wa Adolf Hitler ulipoanza mwaka 1933, wasomi wenye nasaba ya Kiyahudi walifukuzwa vyuoni. Hornbostel na Sachs waliihama Ujerumani. Wachsmann naye alilazimika kuondoka, akahamia Uswisi na kuhitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Fribourg mwaka 1935. Utafiti wake ulihusu nyimbo za kale za Kanisa. Baadaye alikwenda London kujifunza lugha za Kiafrika, na mwaka 1937 akawasili Uganda, ambako alijishughulisha kwanza na elimu katika shule za misheni.

Alipokabidhiwa makumbusho mwaka 1948, taasisi hiyo ilikuwa na umri wa miaka 40. Ilianzishwa mwaka 1908 katika boma la zamani la Lugard, Kampala, na wenyeji wakaipa jina la Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mahirizi, kwa kuwa humo mlilundikwa vitu vya waganga na vya matambiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ilihamishiwa Makerere, ikawa chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho. Trowell na Wachsmann walishirikiana kuandika kitabu kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, kilichochapishwa mwaka 1953. Sehemu ya ala za muziki iliandikwa na Wachsmann.

Kati ya ala zilizomvutia ni marimba za Buganda. Msomaji aliyezoea piano anaweza kuzielewa kwa kulinganisha: piano ina vibonye vinavyobonyezwa na mtu mmoja aliyeketi upande mmoja. Marimba ya Kiganda ina vibao vinene vya mti, aghalabu wa lusambya, vilivyolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji huketi pande zote mbili, wakitazamana, na kugonga ncha za vibao kwa fimbo.

Ile iitwayo amadinda ina vibao 12 na wapigaji watatu. Wa kwanza hugonga mfululizo wake wa sauti kwa mwendo usiobadilika. Wa pili, aliye mkabala naye, huingiza sauti zake katikati ya zile za mwenzake, moja baada ya nyingine, kama meno ya magurudumu mawili yanayoshikana. Wa tatu hushughulikia vibao viwili tu vya sauti nyembamba kabisa. Sikio la msikilizaji huunganisha yote, likasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyeupiga peke yake. Akadinda, marimba kubwa ya kasri, ilikuwa na vibao 22 na kuhitaji wapigaji sita. Kabaka alikuwa pia na entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa kupishana sauti, nazo zilipigwa na watu sita.

Wachsmann alipopima sauti za ala hizi aligundua jambo lililowashangaza wanamuziki wa Ulaya. Piano huigawa safu ya sauti, tangu sauti moja hadi ile inayofanana nayo kwa juu, katika hatua 12 zilizo sawa. Kinubi cha Kiganda alichokichunguza kiliigawa safu hiyohiyo katika hatua tano, nazo zilikaribia kuwa sawa. Fundi aliyekiweka sawa hakuwa na chombo chochote cha kupimia, ila sikio lake tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1950 katika jarida la sayansi la Nature. Maana yake ilikuwa kwamba muziki wa Buganda haukuwa muziki wa Ulaya uliokosewa, bali ulikuwa na kanuni zake, na kanuni hizo ziliweza kupimwa.

Hata hivyo, kupima hakukutosha. Marimba ikiondolewa kwa wapigaji wake hubaki vipande vya mti. Kabati la kioo linaweza kuonyesha urefu wa kibao na idadi ya vibao, lakini haliwezi kuonyesha nani huanza, nani hufuata, wala jinsi sauti mbili zinavyopishana bila kugongana. Kwa hiyo Wachsmann alifanya mambo mawili ambayo wasimamizi wengi wa makumbusho wa zama zake hawakuyafanya.

La kwanza, kuanzia mwaka 1949 alizunguka Uganda akinasa sauti. Alikwenda kwa Waganda na Wasoga, kwa Waacholi na Walugbara, kwa Wakonjo na Wakaramojong, hadi akapata rekodi zaidi ya 1,500. La pili, aliwaleta wapigaji wenyewe ndani ya makumbusho. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Evaristo Muyinda, mwanamuziki aliyewahi kupiga katika kasri la Kabaka. Muyinda aliajiriwa kupiga ala mbele ya wageni na kuwafundisha waliotaka kujifunza. Makumbusho yalipohamia jengo lake jipya katika kilima cha Kitante mwaka 1954, jengo lililosanifiwa na Ernst May, Mjerumani mwingine, ala ziliendelea kupigwa badala ya kutazamwa tu.

Thamani ya uamuzi huo ilidhihirika baadaye. Mwaka 1959, miaka miwili baada ya Wachsmann kuondoka, kijana wa Austria, Gerhard Kubik, alifika Kampala na kujifunza amadinda kwa Muyinda. Kubik aliandika nyimbo alizofundishwa na kuufafanua mpangilio wake, na kazi hiyo ikawa msingi wa masomo ya muziki huo katika vyuo vingi. Basi kasri liliposhambuliwa mwaka 1966, wimbo wa amadinda ulikuwa tayari umehifadhiwa mahali patatu: katika rekodi, katika maandishi, na katika mikono ya wanafunzi. Muyinda mwenyewe aliendelea kupiga na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1993, mwaka uleule ambao ufalme wa Buganda ulirejeshwa.

Maisha ya Wachsmann baada ya Uganda yalikuwa ya msomi. Alifanya kazi London katika taasisi ya Wellcome, kisha akafundisha Marekani, kwanza katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuanzia 1963, na baadaye Northwestern kuanzia 1968 hadi alipostaafu mwaka 1975. Aliliongoza pia Baraza la Kimataifa la Muziki wa Jadi kati ya 1973 na 1977. Alifariki Uingereza mwaka 1984. Chama cha wataalamu wa muziki wa mataifa, chenye makao yake Marekani, hutoa tuzo kwa jina lake kwa watafiti wa ala za muziki.

Urithi wake una upande unaouma. Kwa miaka mingi rekodi hizo zilihifadhiwa London, katika hazina ambayo leo ni sehemu ya Maktaba ya Uingereza, ambako mjukuu wa mpigaji wa Busoga au Karamoja hangeweza kuzifikia kwa urahisi. Ni katika karne hii ndipo nakala zake zilipopelekwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya sauti iliyopewa jina la Wachsmann. Makumbusho yenyewe nusura yabomolewe: mwaka 2011 serikali ya Uganda ilitaka kujenga kituo cha biashara chenye orofa 60 katika kiwanja hicho. Watetezi wa turathi walipinga hadi mahakamani, na jengo la Kitante lingali limesimama.

Kwa Kenya, somo hili haliko mbali. Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa hadi Modogashe na kwingineko, wafugaji wa Kisomali wana nyimbo za kuwanyweshea ngamia visimani na mashairi marefu yanayohifadhiwa vichwani mwa watu. Hayo hayana kibao wala uzi wa kuwekwa kabatini, na mwenye kuyajua akizikwa, huzikwa nayo. Wachsmann alinasa sauti za wajuzi wakiwa hai, akawatafutia na wanafunzi. Huko Mengo, miaka 17 tu ilipita kati ya rekodi zake za kwanza na siku kasri lilipowaka moto.