Bw. Garratt, Fundi Aliyegawa Uzito wa Gari la Moshi

Wakazi wa Garsen na vijiji vya Mto Tana hawajapata kuwa na reli. Atakaye kuliona gari la moshi hushika njia ya Malindi mpaka Mombasa. Hata hivyo, jambo lililompa sifa marehemu Bw. Herbert William Garratt, mhandisi wa Kiingereza, wao wanalielewa kuliko wengi. Mzigo mzito ukiwekwa mahali pamoja juu ya udongo laini, huzama. Mvua ikishika Garsen, lori lililojaa hukwama matopeni.

Bw. Garratt alizaliwa London mwaka wa 1864. Mwaka wa 1879, akiwa kijana mdogo, aliingia karakana ya reli ya Bow, London, kujifunza ufundi, kisha akajifunza mitambo ya meli huko Sunderland. Baadaye alizunguka dunia kwa kazi ya reli: Argentina, Cuba, Lagos, Peru na Australia. Katika nchi kama hizo shida ilikuwa moja. Safari ni ndefu, fedha ni haba, reli ni nyembamba, kona ni nyingi na madaraja ni mepesi. Kichwa cha gari la moshi chenye nguvu kilikuwa kizito mno kwa reli hizo, na kilicho chepesi hakikuweza kupandisha mizigo milimani.

Aliporudi Uingereza, Bw. Garratt aliandikisha uvumbuzi wake mwaka wa 1907. Boila la kuchemshia maji alilitundika katikati, kama daraja, baina ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake. Maji na makaa yakawekwa juu ya injini hizo. Hivyo uzito uligawanyika juu ya magurudumu mengi, na kwa kuwa kila injini iligeuka peke yake, kichwa kirefu kilipinda konani bila taabu. Tena, chini ya boila hapakuwa na magurudumu, basi tanuri lake likafanywa pana na moto ukawaka vyema.

Kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester ilikubali kuviunda vichwa hivyo, na viwili vya kwanza vilipelekwa kisiwa cha Tasmania mwaka wa 1909. Mwenyewe hakujaliwa kuviona vilivyo vikubwa zaidi. Alifariki Septemba 1913, akiwa na umri wa miaka 49.

Miaka 13 baadaye, mwaka wa 1926, vichwa vya jina lake vilifika katika reli ya Kenya na Uganda. Vilivyosifika zaidi ni 34 vilivyoundwa mwaka wa 1955 na 1956, kila kimoja tani 252. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani, hapakuwa na kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hivyo. Vilivuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Namba 5901 kiliitwa Mount Kenya, mlima ule ule ambao maji yake huteremka Tana na kupita Garsen.

Injini za dizeli zilipotawala, vichwa hivyo viliondolewa kazini na karibu vyote vikakatwa kuwa vyuma chakavu, Mount Kenya kikiwemo. Vimesalia viwili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Mount Gelai kiliwahi kutengenezwa kikawashwa moto tena. Waingereza nao walikirudisha kwao kile cha kwanza cha Tasmania mwaka wa 1947, na baadaye kikatembea tena huko Wales.

Wazee wetu husema akiba haiozi. Lakini chuma kisichopakwa mafuta huliwa na kutu, na kilichokwisha kuyeyushwa hakirudi. Kati ya 34 tumebakiwa na viwili, navyo vyahitaji mafundi wa kuvitunza kabla ufundi wenyewe haujasahauliwa.